Shingo ya kitunguu: miaka yangu mpakani Namanga na hii Jumuiya yetu

Nilianza kuvusha vitunguu kwenda Kenya kupitia Namanga mwaka 2003, magunia sita, hela ya kukopa kwa mama mkubwa, na mpaka naandika haya bado niko kwenye kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza Jumuiya ya Afrika Mashariki imeifanyia nini Tanzania mi sina maneno ya mkutanoni, nina yale niliyoyaona nikiwa nimekaa juu ya gunia nasubiri mhuri. Kitunguu hakina subira. Ukikichelewesha kwenye joto kinaanza kulainika shingoni, pale majani yalipokatwa, ukibonyeza kwa kidole gumba unasikia kimeingia maji, na kimoja kikianza kwenye neti wenzake wanafuata. Mimi Jumuiya naipima hapo.

Lakini niseme kwanza habari ya baba maana bila yeye ningeacha hii biashara mapema sana. Baba alikuwa fundi wa reli, ile Reli ya Afrika Mashariki, enzi za Jumuiya ya kwanza iliyoundwa 1967 na Nyerere, Kenyatta na Obote. Alianza Moshi akahamishiwa Voi, kaka yangu mkubwa amezaliwa Voi, na nyumbani tulikua tunajifunika blanketi lake la kazini. Kwake yeye Kenya haikuwa nchi nyingine, ilikuwa kituo kingine cha kazi. Alaf mambo yakaharibika, Amin akapindua 1971 Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, huku Kenya ikiwa na viwanda vingi kuliko sisi na Uganda kwa hiyo kila siku ugomvi ni nani anafaidi zaidi, mashirika ya pamoja yakagombaniwa moja baada ya lingine, na Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ukafunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba! Mali za Jumuiya zenyewe makubaliano ya kuzigawana yalisainiwa 1984. Baba alirudi Moshi na sanduku moja la mbao la kuwekea vifaa, na kiinua mgongo chake kilikuja kufika mimi nishazaa watoto wawili. Alichonifundisha ni kitu kimoja, weka karatasi. Kila karatasi yenye mhuri weka, maana wakubwa wakigombana mtu mdogo anayebaki na karatasi ndo anabaki na la kusema.

Sikumsikiliza. Ndo kosa langu kubwa na ndo nataka wenzangu walijue hasa mnaoanza sa hivi.

Mkataba wa Jumuiya hii mpya ulisainiwa hapa hapa Arusha 30 Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Umoja wa Forodha ukaanza 1 Januari 2005. Maana yake nini kwa muuza vitunguu? Maana yake kuanzia siku ile kitunguu kilicholimwa Tanzania kikiingia Kenya hakilipi ushuru wa forodha. Sifuri. Tena sisi na Uganda tulipendelewa, bidhaa zetu ziliingia Kenya bure tangu siku ya kwanza, wakati baadhi ya bidhaa za Kenya zikija kwetu ziliendelea kutozwa ushuru unaoshuka kidogo kidogo mpaka 2010, ili viwanda vyetu vipate pumzi. Hayo yote yaliandikwa. Na mimi mwaka mzima wa 2005, na 2006, na 2007, na 2008, nilikuwa bado napitisha mzigo njia za panya usiku, nalipa vijana wa pikipiki kwa kila gunia, nalipa mwenye boma tunalopumzikia, nalipa na yule wa kuangalia njia. Usiku mmoja tumekimbizwa, kijana akaangusha pikipiki korongoni, magunia mawili yakapasuka na vitunguu vikasambaa kwenye miiba, nimepiga magoti gizani navikusanya na kanga huku nalia. Vitunguu ambavyo kisheria nilitakiwa nipite navyo getini mchana kweupe!

Mimi naishi Arusha jamani. Makao makuu ya Jumuiya yako mjini kwetu, magari yenye namba za Jumuiya tunapishana nayo barabarani kila siku. Na hakuna aliyefika sokoni kutuambia.

Aliyeniambia ni mama mmoja wa Kimeru anayeuza parachichi, 2009, tumekaa tunakula mihogo Namanga ananiangalia kama mgonjwa, "mdogo wangu wewe bado unapita porini? Kachukue cheti cha uasili." Cheti cha uasili wa bidhaa, karatasi moja tu inayosema mzigo huu umezalishwa nchi mwanachama. Kuna kile kilichorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaza pale pale mpakani bila kuhitaji wakala. Ukizidi hapo ndo unatafuta wakala wa forodha na makaratasi yanaongezeka. Na kuna cheti cha afya ya mimea maana kitunguu ni mmea, wanaangalia kisiwe na wadudu wala ugonjwa. Hivi bado vinalipiwa, msije mkadhani bure ya Jumuiya ni bure ya kila kitu, ada za ukaguzi zipo, ushuru wa halmashauri huku kwetu upo, maegesho yapo. Ila nikakaa na kalamu nikapiga hesabu, safari moja ya halali na safari moja ya porini, ya halali ilikuwa rahisi zaidi hata kabla sijahesabu magunia yanayoibiwa. Nilinyamaza kabisa. Miaka minne.

Mara ya kwanza kwenda dirishani mikono ilinitetemeka. Afisa akaniuliza vimelimwa wapi, nikasema Mang'ola, akauliza Mang'ola ipo wapi, nikamwambia Karatu kule bondeni Ziwa Eyasi, wanamwagilia kwa chemchemi, akacheka akasema anapajua alitaka tu kuona kama mi napajua. Akagonga mhuri. Nikatoka nje nikakaa kivulini naisoma ile karatasi neno kwa neno mpaka wino ukakauka.

Sitadanganya kwamba baada ya hapo ikawa raha. Safari ya tatu tu afisa mmoja, sitasema wa upande gani, alikikataa cheti changu, akasema sahihi ya aliyekitoa haiko kwenye orodha yake, nirudi Arusha au "tuongee". Nikakataa kuongea, nikalala pale, asubuhi zamu ikabadilika mwingine akaipokea karatasi ile ile bila swali. Hapo nikajifunza kwamba mkataba unasainiwa na marais lakini unaotekelezwa ni ule ulioko kichwani mwa mtu wa dirishani siku hiyo, na ukiwa mpole sana au mwoga sana utalipia haki yako mara mbili. Tangu hapo natembea na nakala tatu za kila kitu na lile sanduku la baba ndo kabati langu la vyeti.

Yapo mambo yaliyobadilika kweli kweli na asiyeyaona hakuwepo zamani. Barabara ya Arusha mpaka Athi River kupitia Namanga ilizinduliwa 2012, kabla ya hapo mashimo yale yalikuwa yanatuponda vitunguu kabla hata ya kufika. Kituo cha pamoja cha forodha Namanga walikuja kukizindua Magufuli na Uhuru Kenyatta 1 Desemba 2018, sa hivi unapanga foleni upande unaoingilia tu, unamalizana na maafisa wa nchi zote mbili jengo moja, zamani ilikuwa unagonga huku, unavuka, unaanza upya. Na hela! Zamani nilikuwa narudi na shilingi za Kenya nimezifunga tumboni ndani ya kitenge, nimekaa kwenye Noah sisinzii, tangu 2015 mteja wangu wa soko la Marikiti ananitumia kwa M-Pesa kutoka Nairobi naipata Arusha. Mama huyu tunajuana miaka kumi na sita, hajawahi kunidhulumu hata shilingi, ananiita "mathe wa Tanzania" na binti yangu alipoolewa alipanda basi na dada zake wawili wakaja. Ndo Jumuiya ninayoipenda mimi.

Kwa nchi nzima sasa. Watu walituogopesha sana mwanzoni, Wakenya watatumeza, viwanda vyao, maduka yao, mabenki yao. Kuna kilichotokea kweli, jirani yetu alikuwa anatengeneza sabuni za mche nyumbani na za Kenya zilipoanza kuingia kwa wingi zimefungwa vizuri, bei nzuri, alifunga. Sikatai na sisahau. Ila supermaketi kubwa za Kenya zilizokuja kwa kishindo, Uchumi na Nakumatt, zilikuja zikafa zenyewe, na upande wa mazao hali ikawa tofauti na walivyotutisha, ilifika mwaka 2021 Kenya ikanunua kwetu bidhaa za thamani kubwa kuliko tulizonunua kwao, na mahindi yalichangia sana. Nairobi ina watu wengi wanaokula, sisi tuna ardhi na maji. Umoja haukututengenezea hilo, ulifungua tu mlango, na aliyekuwa na kitu cha kupitisha akapitisha. Muuza sabuni hakuwa na mtaji wa kushindana na hakuna aliyemwandaa katika ile miaka mitano ya kupumua. Hiyo lawama siipeleki Nairobi, naileta nyumbani.

Shemeji yangu analima mpunga Moshi, yeye hasira zake ni nyingine. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mchele unaotoka nje ni asilimia 75, kumlinda mkulima wa ndani. Lakini Kenya imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza 35 tu kwa mchele wa nje kama ule wa Pakistan, maana wao wanalima kidogo na wanakula sana. Kila ikikaribia bajeti ya mwezi wa sita nchi zinaomba ruhusa ya namna hii, huyu chuma, huyu sukari, huyu nguo, na sisi Tanzania tunaomba pia, na kila ruhusa inamtafuna mtu fulani nchi jirani. Shemeji anauliza, kama kila mtu ana ushuru wake, wa pamoja ni upi? Sina jibu la kumpa.

Na sasa nije kwenye yanayouma.

Oktoba 2017 serikali yetu iliteketeza vifaranga 6,400 pale Namanga, vimetoka Kenya, sababu ikatolewa ni kuzuia mafua ya ndege. Mwenye mzigo alikuwa mama mfanyabiashara kama mimi. Wiki ile nilipofika Nairobi mteja wangu hakunisalimia kama kawaida, alimimina chai akaniuliza taratibu, "mathe, mliwachoma wazima?" Sikuwa nimechoma mimi lakini nilijibu kama mimi, maana ukiwa upande wa pili wa mpaka wewe ndo Tanzania, hakuna mwingine pale wa kuulizwa.

Mei 2020, korona. Kenya ikataka madereva wapimwe, yakazuka mabishano ya majibu ya vipimo, upande wetu nao ukazuia, foleni ya malori Namanga ikawa haina mwisho. Mzigo wangu ulikuwa kwenye Fuso na wa wanawake wengine wawili. Siku ya kwanza tulifungua turubai ili vitunguu vipumue. Siku ya pili tukashusha neti za chini maana za chini ndo zinabanwa na joto, tukazipanga pembeni ya barabara na vumbi lile. Siku ya tatu nilibonyeza shingo nikaona kidole kimezama. Siku ya nne maji yalikuwa yanadondoka kwenye bodi la gari, harufu ile ukiisikia mara moja hutaisahau, na dereva wetu anakohoa huku anaapa ni vumbi tu. Mawaziri walikuja kukutana pale pale Namanga wakaelewana mwezi huo huo, sisi tulishatupa zaidi ya nusu. Sikupata fidia popote na sikujua hata pa kuombea. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, nilisikia mtu wa kawaida anaruhusiwa kushitaki nchi mwanachama pale na ni kweli anaruhusiwa, ila nani atamlipa wakili kwa gunia za vitunguu zilizooza?

Haujapita mwaka, Machi 2021, barua nyingine. Kenya imezuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Malori ya watu yakasimama. Siku chache baadaye wakalegeza kwa masharti, na Mei Rais Samia akaenda Nairobi akaongea na Rais Kenyatta, yale yaliyokwama mpakani yakaanza kutoka. Nilifurahi, kwa kweli nilimshukuru, lakini nilijiuliza kwa nini mahindi yanahitaji marais wawili ili yapite. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua, mi nataka mahindi yapimwe. Pimeni hapo mpakani, gunia bovu lirudi, zima lipite, sio mtu aamke akute mlango umefungwa na mzigo uko barabarani.

Ndo maana sijutii nilichosema mwaka 2007 walipopita kukusanya maoni kuhusu kuharakisha shirikisho la kisiasa, nchi moja, rais mmoja. Mimi nilihudhuria na nilisema hapana, na Watanzania wengi tulisema hapana. Baba alikuwa bado hai akanishangaa, alidhani nitasema ndiyo. Nilimwambia tujifunze kwanza kupitisha gunia bila kugombana. Tulizozania ardhi pia, na ndo maana Soko la Pamoja, lile la watu na mitaji kuvuka mipaka, lilipoanza Julai 2010 suala la ardhi lilibaki chini ya sheria za kila nchi. Leo sijabadilisha msimamo. Kongo iliingia 2022, Somalia 2024, tumekuwa nchi nane, soko kubwa nakubali, lakini kikosi cha Jumuiya kilikwenda mashariki ya Kongo 2022 kikaondoka 2023 na vita haikuisha, na Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Sarafu moja itifaki yake ilisainiwa 2013 tukaambiwa 2024 tutakuwa nayo, sasa inasemwa 2031. Mi kila safari nachenji, na kila nikichenji napoteza kidogo.

La mwisho ni la karibuni na limenisumbua kuliko yote kwa sababu lilininufaisha. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, maduka ya rejareja, saluni, uwakala wa hela za simu, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Wakenya walilalamika sana. Sisi wafanyabiashara wa vitunguu wa Arusha wengi walishangilia, maana wanunuzi kutoka Kenya walikuwa wanaingia Mang'ola wenyewe na magari, wanalipa taslimu shambani, sisi tunabaki kuangalia. Nami siku ile nilishangilia, siwezi kuficha. Nikaenda Mang'ola kununua, mzee mmoja ambaye nimenunua kwake miaka mingi akanipa bei niliyoitaja mimi bila kubishana. Hakubishana hata kidogo, alikaa tu kwenye tuta anasukuma kitunguu kimoja kwa mguu, akasema, "nitamwuzia nani mwingine, mama? Walikuwa wanakuja, wakikupandishia na wewe unapandisha." Nilipakia mzigo lakini njia nzima kutoka Karatu sikuongea na dereva. Mimi nimelia miaka mingi mlango usifungwe Namanga, na siku umefungwa upande unaonifaa mimi nimepiga vigelegele.

Naelewa kwa nini amri ile iliwekwa, kuna biashara ndogo mtaani ambazo kijana wetu anatakiwa apate nafasi, na mtu wa nje mwenye mtaji anambana. Lakini kununua vitunguu shambani sio kumbana mkulima, ni kumwongezea mnunuzi. Hilo nimelisema kwenye kikundi chetu na wengine wamenikasirikia, nitaendelea kulisema. Safari ile nilipomaliza kuuza Nairobi nilimrudishia yule mzee nyongeza kwa simu, akaniuliza kwa nini, nikamwambia bei ilikuwa nzuri kule.

Jumatano napakia tena. Mteja wangu wa Marikiti ameshanitumia ujumbe anataka vya saizi ya kati, vikavu, shingo iwe imefunga. Vyeti nimeshajaza, nakala tatu, viko kwenye sanduku la baba hapa miguuni pangu, na kila jioni nasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho kusikia kama kuna barua mpya imetoka upande wowote.